Niliificha tarehe kwenye simu, mama mkubwa analaumu macho yake

Admin, jina langu lisionekane, maana hata huko kwetu wapo wanaoufuatilia ukurasa huu. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 28, naishi Kibaha na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nimelelewa na mama mkubwa huko Marui, Kisarawe. Naandika kwa aibu.

Kikundi cha wakulima cha kijijini kwao kilinipa kazi ya tovuti. Msimu huu waliniletea orodha ya watakaogawiwa miche ya mikorosho, majina pamoja na siku ya mwisho ya kuchukua. Kwenye kompyuta orodha ilikaa vizuri, ila kwenye simu ilizidi kioo ikaonekana ovyo. Nikaamua wenye simu waone majina tu, tarehe nikaificha, nikijiambia nitarekebisha kesho. Viongozi niliwaonyesha kwenye kompyuta yangu, wakanisifu, nikavimba kichwa na kesho yenyewe nikasahau. Pale kijijini hakuna mwenye kompyuta hata mmoja.

Mama mkubwa ndiye huwasomea wenzake wasio na simu za kuingia mtandaoni. Alinipigia kuuliza mbona siku haioni. Mimi niko mbele ya kompyuta, tarehe naiona hii hapa, nikamjibu kwa kiburi, "Ipo hapo, mama. Tatizo hujui kutumia simu." Hata kumsomea sikumsomea. Akasema basi ataangalia tena.

Yeye na wenzake walipokwenda, siku ya mwisho ilishapita, miche walishapewa wengine. Wamekosa wanawake tisa, yeye wa kumi, na mashimo walishachimba. Sasa wanamsema kwamba aliwaficha makusudi. Niliposikia nikafungua tovuti kwa simu yangu, nikakuta majina matupu, tarehe hakuna. Nikarekebisha kimya kimya. Leo ukiifungua kila kitu kipo, hakuna atakayejua.

Yeye amepita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Jana nilimpigia nikitaka kukiri, nikaishia kwenye shikamoo. Akaniambia, "Ulisema kweli, mwanangu, tarehe ipo. Macho yangu yamechoka. Ukija Jumamosi niletee miwani."

Jumamosi hiyo kuna kikao, wanataka asiwasomee tena. Nikisema ukweli mbele yao, kazi sina, na sijui nitamtazamaje. Miwani nimeshanunua, iko hapa mezani. Nikimpa nikanyamaza, najua ataivaa na kuniombea dua.

Ndugu zangu, nitukaneni kwanza, halafu mnishauri. Nifanye nini?