Konzi ya Kwanza

Nimeandika maneno haya mara tatu na mara tatu nimeyachoma, na karatasi zenyewe ni za kuomba kwa watu. Safari hii nitayaacha hata yakiwa na makosa. Ugonjwa wangu ni huo: siwezi kulimaliza jambo mpaka liwe sawasawa kabisa. Kwa ugonjwa huo nilimpoteza mdogo wangu. Mama husema ni njaa iliyomchukua. Mimi najua nilichofanya.

Kwetu ni upande wa Idete, ambako wakati wa masika mto huacha njia yake na kuingia mashambani. Mpunga uliopandwa mvua zinapoanza hukua ukikimbizana na maji, na mafuriko yakifika huukuta umeshafika magotini. Uliochelewa huzikwa ukiwa hai. Hata mtoto anayelindishwa ndege anajua hivyo. Tena kwetu baba wa nyumba ndiye humwaga konzi ya kwanza ya mbegu. Akiwa safarini, ndugu yake humwaga badala yake. Kabla ya hapo mwanamke hagusi mbegu.

Mwaka ule wa vita baba mdogo alikunywa maji ya dawa yaliyosemwa kuzuia risasi, akaenda na wenzake kulishambulia boma la Mahenge, na hakurudi. Baba alikataa kunywa. Alisema maji ni maji, akabaki na jembe lake. Haikumsaidia. Askari wa Wadachi walipotufikia hawakuuliza nani alikunywa na nani hakunywa. Walichoma nyumba na ghala, wakapasua mtumbwi, na mpunga ambao hawakuuchoma waliufunga mizigo wakawatwisha wanaume. Baba aliondoka na kamba shingoni, amebeba mpunga wetu wenyewe. Alipompita mama alisema neno moja tu: “Mbegu.”

Mama alielewa. Kibuyu cha mbegu kilikuwa mateteni, mdomo umezibwa kwa nta. Hawakukiona.

Mimi nilikuwa nimebatizwa kabla ya vita na mwalimu wa dini aliyetoka misheni ya kule milimani. Vita ilipoanza alikimbia, akaniachia kijitabu kisicho na jalada. Kusoma sikufundishwa na mtu. Sala nilizijua kwa moyo, basi nilikuwa nikitamka neno huku kidole kikitafuta alama zake, mpaka alama zikaanza kusema zenyewe. Nilijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa.

Katika kijitabu kile mlikuwa na novena, sala ya siku tisa. Niliianza ili baba arudi. Lakini ulimi ukijikwaa, au nikiwaza chakula katikati ya sala, niliihesabu siku ile kuwa imeharibika, nikarudi siku ya kwanza. Nilimwona Mungu kama bwana wa boma anayekagua mstari. Mvua zikaja, ardhi ikalowa vizuri, na mimi sijavuka siku ya sita.

Mama akaniuliza, “Mwanangu, nimwage mimi?”

“Hapana, mama. Mungu ana wakati wake. Tukipanda bila baba tutakuwa tumesema amekufa.”

“Bado siku ngapi?”

“Tisa.”

“Si ulisema tisa tangu mwezi mchanga?”

“Nilikosea.”

Jirani yetu, mjane mwenye mdomo mkali, alikuwa amejimwagia mwenyewe konzi ya kwanza bila kumwuliza mtu. Kila siku alipita na jembe begani. “We binti,” akasema, “huyo Mungu wako atakuja kutulimia? Mwambie aje na jembe lake, la kwangu limeisha makali.”

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu baba achukuliwe. Mimi nilikasirika, na kwa kuwa nilikasirika nikiwa bado katika sala, nilianza upya.

Nimejiuliza sana kwa nini mama alinisikiliza, mimi niliyekuwa msichana tu. Nadhani ni kwa sababu kila neno la wakubwa lilikuwa limeshindwa. Dawa ilishindwa, mikuki ilishindwa, hata kukaa kimya na kulima kulishindwa. Kilichobaki ni kitabu changu. Aliogopa kukigusa kisije nacho kikashindwa.

Mwisho alimwaga bila kuniambia, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya kibanda tulichojenga baada ya moto. Ulikuwa umepita mwezi na zaidi tangu mvua zianze. Mpunga ulipofika urefu wa vidole vinne, asubuhi moja tuliamka juu ya dungu letu, jukwaa la miti la kulindia shamba, tukaona maji yametanda mpaka kwenye miti, na shamba halipo. Kwa jirani majani yalisimama juu ya maji, ya kijani, mazuri. Sikuweza kuyatazama.

Tulikula mizizi ya yungiyungi. Mdogo wangu alikuwa na miaka kama minne. Nilikuwa nimemwambia kwamba baba akifika tutakula wali, basi kila asubuhi aliuliza, “Baba keshafika?” Nikamjibu, “Bado, Mungu anamleta.” Kila asubuhi nilisali pia utupe leo chakula chetu, na neno leo nililitamka vizuri kabisa. Tumbo lake lilivimba, kisha akaanza kuhara, kisha akaacha kuuliza. Tulimzika kwenye mwinuko, mahali pasipofikiwa na maji.

Haukupita muda mrefu jirani akatuletea pepeta, mpunga mbichi wa mwanzo uliokaangwa na kutwangwa. Aliweka ungo mbele ya mama akaondoka. Siku ile hakusema lolote juu ya Mungu. Nilikula. Nakiri kwamba nilikula sana.

Baba alirudi maji yalipokuwa yakipungua. Nilichoomba kilikuwa hicho, nacho kilikuja chote: alikuwa hai, anatembea, bega moja tu limeshuka. Nilikimbia kumpokea.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama. Mdogo wako yuko wapi?”

Niliutazama mwinuko tulikomzika. Baba alimtazama mama, kisha akaketi chini pale pale njiani.

Baadaye akauliza, “Mlipanda lini?”

“Tulikungoja,” nikasema.

“Nani aliwaambia mningoje? Mimi nilisema mbegu.”

Hakupaza sauti. Laiti angenipiga.

Watu wa dini husema Mungu hachelewi. Naamini, sijaacha kuamini, ingawa siku nyingine naamini kwa meno yaliyoumana. Ila nimelazimika kukubali kwamba sikuwa nikiungoja wakati wake. Wakati wake ulikuwa umenyesha juu ya kichwa changu na kulowesha ardhi. Mimi nilikuwa nimempangia siku tisa zangu, safi, zisizo na doa, nikamtaka azifuate. Kwa nini alimrudisha baba na hakutuachia mtoto, sijui. Nimeuliza. Sijajibiwa, na sasa naogopa hata kumharakisha ajibu.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, jirani alitukopesha mbegu. Baba alichukua kibuyu, akakizungusha mkononi, kisha akampa mama.

“Mwaga wewe. Nani ajuaye mwakani nitakuwa wapi?”

Mama alisita, akanigeukia. Tangu tulipomzika mtoto hakuwa amenitajia sala hata mara moja. Nilijua anachotaka kusema.

“Sali,” akasema. “Lakini iwe fupi. Mvua haitungoji.”

Nilifumba macho. Katikati nilikosea neno, nikakwama, na nikajua wote wawili wananisubiri. Sikurudia. Nikasema amina, na mama akafungua kiganja.