Haki za Baba Mdogo

Baba mdogo wangu alikuwa bingwa wa sheria za Marekani. Kulikuwa na matatizo mawili tu: hakuwa mwanasheria, na hatukuwa tunaishi Marekani. Tulikuwa tunaishi Rexdale, upande wa magharibi wa Toronto, katika jengo refu ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ilizojisikia.

Nilifikia kwake mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa nimekuja kusoma. Huko nyumbani, Morogoro, alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa zaidi ya miaka kumi. Alivaa shati jeupe, alikaa pembeni ya hakimu, aliandika majina ya washitakiwa kwa mwandiko ambao watu walikuja kuusifia. Toronto walimpa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo. Alfajiri alipanda basi la Kipling kwenda kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na saa tisa alasiri alikuwa amesharudi, amevua buti, amekaa mbele ya televisheni kuangalia mahakama za Wamarekani.

Zilikuwa nyingi. Kulikuwa na mahakimu wa kike wakali na wa kiume wenye utani, na baada yao polisi wanaofukuza magari, na baada ya hapo mawakili wanaotembea huku na huku wakinyoosha vidole. Baba mdogo aliangalia zote akiwa na daftari. Mama mdogo, mkewe, alikuwa akikatiza mbele ya televisheni na kapu la nguo, na baba mdogo anamwambia, "Napinga hoja!" Mama mdogo hakuwahi kucheka.

Sifa zake zilienea katika jengo zima. Watu walikuja na barua zao kwa "wakili". Wa kwanza kuumia alikuwa mama mmoja Mkenya wa ghorofa ya tisa. Mwenye nyumba alikuwa amekataa kumtengenezea hita ya kupasha nyumba joto, na baraza la masuala ya wapangaji lilikuwa limempangia siku ya kusikilizwa. Baba mdogo alimpa maelekezo ya saa nzima. La muhimu kuliko yote, alimwambia, asikubali kuhukumiwa na mtu mmoja. Adai jopo la raia kumi na wawili.

Yule mama alikwenda, akaingia katika chumba chenye meza moja na viti vinne, akadai raia kumi na wawili kwa ajili ya hita. Alirudi akapiga mlango wetu kwa kiganja.

"Mzee, umenichomea picha kabisa," alisema. "Yule bibi msikilizaji wa kesi aliniuliza ningependa waketi wapi."

"Hita je?" aliuliza baba mdogo.

"Hita wametengeneza. Aliniangalia tu akanionea huruma."

"Umeona?" baba mdogo aliniambia mlango ulipofungwa. "Tumeshinda."

Siku yake mwenyewe ilikuja mwaka uliofuata. Ilikuwa Jumamosi mchana, tunatoka dukani mimi na yeye, nimebeba mifuko ya unga na yeye kabeba mchele begani. Askari wawili wa baiskeli wakatukata njia. Vijana, wamevaa kaptula, wamechomwa na jua. Mmoja alituuliza kwa upole kabisa tunatoka wapi, tunakwenda wapi, na kama tunaishi hapo. Wakati huo jambo hilo lilikuwa la kawaida mtaani kwetu. Hujafanya kitu, hushukiwi kitu, lakini wanakusimamisha, wanajaza kadi ndogo: jina, urefu, rangi, uko na nani. Nilikuwa nimeshajazwa mara mbili. Unajibu, unakwenda zako, na hasira unaila njiani.

Baba mdogo aliteremsha mchele chini. Alinyoosha shati. Akasema, kwa Kiingereza chake cha mahakamani, "Nasimama juu ya Marekebisho ya Tano."

Askari alisimamisha kalamu. "Ya tano ya nini?"

"Ya Katiba."

"Bwana, hapa ni Kanada."

"Najua nilipo. Sitatoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe."

"Sijakutuhumu kitu. Nimekuuliza unatoka wapi."

"Nitajibu mbele ya wakili wangu."

Yule askari alinigeukia mimi. Nikasema tunatoka dukani, huyu ni baba yangu mdogo, tunaishi jengo lile pale. Aliandika. Wa pili alikuwa anamwangalia baba mdogo kuanzia kichwani mpaka miguuni, anakadiria urefu. Wakatutakia siku njema, wakapanda baiskeli zao.

Kwenye lifti baba mdogo aliteremsha tena mchele. "Umeniharibia kesi," alisema.

Jumatatu alimsimulia mwenzake wa kazini, Mkanada wa kuzaliwa, mtu mwema kweli, aliyekuwa akituletea nyanya za bustani yake. Yule bwana alitikisa kichwa. "Shukuru Mungu," alisema. "Ingekuwa Marekani wangekupiga risasi."

Jawabu hilo nimelisikia Toronto mara nyingi kiasi kwamba naliona kuwa ndiyo katiba yenyewe ya nchi. Lolote litakalokupata, kumbuka kwamba ng'ambo ya ziwa, kwa Wamarekani, lingekuwa baya zaidi. Ukisimamishwa, shukuru hujapekuliwa. Ukipekuliwa, shukuru hujapigwa. Wamarekani wana marekebisho yao ya Katiba na sisi tuna Wamarekani, ambao wanatusaidia kutojitazama. Tukikaa jioni na taarifa ya habari, tukimwona mtu kalazwa kifudifudi barabarani katika mji wa huko kusini, nchi nzima inapumua kwa raha.

Baba mdogo hakuridhika. Yeye alisema kosa halikuwa la sheria. Kosa lilikuwa la mahali. Alikuwa na funguo nzuri na mlango usio wake. Siku akifika Marekani kwenyewe, alisema, tutaona.

Siku hiyo ilichukua miaka mingi. Tulikuwa tumeshapata uraia wa Kanada, mimi nimeshaanza kazi na nina gari, tulipoalikwa harusi huko Ohio, Marekani. Bibi harusi alikuwa mtoto wa dada yake mama mdogo. Tuliondoka Ijumaa asubuhi, mimi nikiendesha, mama mdogo pembeni yangu na zawadi magotini, baba mdogo nyuma akiwa amevaa suti tangu nyumbani. Njia nzima kuzunguka ziwa alikuwa anapitia daftari.

Kwenye daraja la mpakani, ofisa wa Kimarekani aliyekuwa kibandani alichukua pasi zetu.

"Mnakwenda wapi?"

"Ohio, harusini," nilisema.

"Harusi ya nani?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka kiti cha nyuma. "Ofisa, tumezuiliwa au tuko huru kuondoka?"

Ofisa aliinama kumtazama. Akachomeka karatasi ya rangi kwenye kioo cha gari na kutuelekeza kwenye jengo la pembeni.

Tulikaa mle ndani saa tatu na zaidi, kwenye viti vya plastiki, chini ya bendera kubwa. Mama mdogo aliitwa kwanza. Niliwasikia vizuri kwa sababu kaunta ilikuwa karibu.

"Bibi harusi ni nani kwako?"

"Nilimbeba mgongoni," alisema mama mdogo.

Ofisa aliyekuwa zamu, kijana mwenye sura ya mtu ambaye hajala mchana, alimrudishia pasi. Mimi aliniuliza maswali manne. Halafu akamwita baba mdogo, akamwomba simu pamoja na namba ya kuifungulia.

"Una hati ya upekuzi iliyosainiwa na hakimu?" aliuliza baba mdogo.

"Hapa mpakani hatuhitaji."

"Marekebisho ya Nne yanasema..."

"Mzee, naona unayajua kuliko mimi. Lakini wewe ni mgeni na bado hujaingia."

Baba mdogo alitazama bendera, akatazama sakafu. "Sijaingia Marekani?"

"Bado."

"Kanada nimeshatoka?"

"Umeshatoka."

"Basi niko wapi?"

"Uko mbele ya kaunta yangu. Nipe simu."

Hakumpa. Aliulizwa kama amewahi kukamatwa, akasema ananyamaza. Aliulizwa kazi yake, akanyamaza. Aliulizwa kama ile ni suti yake ya harusi, na hapo nikadhani atajibu, maana aliipenda sana ile suti, lakini alibana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Yule kijana alikwenda nyuma, akarudi na fomu. Alieleza kwamba hawamkatazi. Yeye mwenyewe, kwa hiari yake, anaweza kuondoa ombi lake la kuingia. Asipoliondoa kwa hiari, watamkatalia rasmi na itabaki kwenye kumbukumbu. Baba mdogo, aliyeandika karatasi za mahakama nusu ya maisha yake, alisoma ile fomu mara mbili. Akasaini.

"Na sisi?" aliuliza mama mdogo.

"Nyie mnaweza kuendelea."

Nilishika funguo za gari nikisubiri tugeuze. Mama mdogo alisimama, akajifunga mtandio vizuri, akamkabili mumewe.

"Mume wangu, uliomba haki ya kunyamaza," alisema. "Wamekupa. Nenda kanyamazie nyumbani."

Akachukua zawadi, akatoka nje kwenye gari. Nilimtazama baba mdogo. Alinipungia mkono niende.

Alivuka daraja kwa miguu. Lina njia ya waendao kwa miguu, na upepo wa ziwa unavuma pale moja kwa moja. Yaliyomkuta upande wa pili alinisimulia baadaye. Ofisa wa Kanada, mwanamke wa makamo, alimwuliza amekaa Marekani siku ngapi.

"Sikuingia," alisema.

"Unatoka wapi sasa hivi?"

"Marekani."

"Ambako hukuingia."

"Ndiyo."

Alipekuliwa mifuko ya suti. Ndani kulikuwa na daftari na pipi mbili. Safari hii simu aliitoa mwenyewe kabla hajaombwa. Hakuna aliyeitaka.

Harusi ilikuwa nzuri. Watu walipouliza mzee yuko wapi, mama mdogo alijibu, "Ana kesi," na kujipakulia pilau.

Tulirudi Jumatatu. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Ohio kote nilikuwa nimeshaisimulia ile hadithi kwa mabinamu, na kila nilipoisimulia ilizidi kunoga: niliigiza suti, niliigiza midomo iliyobanwa. Tulimkuta amesugua jiko mpaka linang'aa, amepika maharage, na televisheni imezimwa. Mama mdogo aliingia kuoga. Mimi nikakaa mezani.

"Mwanangu," alisema, "najua mmenicheka."

Nikaanza kuzungusha funguo za gari mezani.

"Mimi sikuwa jeuri. Nilikuwa naogopa. Hata siku ile ya mchele. Mtu mwenye sare akiniuliza natoka wapi, yale maneno ndiyo kitu pekee nilichonacho cha kushika." Alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Unajua, kule mahakamani mimi ndiye nilikuwa nawauliza. Jina, kabila, makazi. Walikuwa wanatetemeka na mimi nilikuwa naona wananichelewesha. Kuna mzee mmoja alisahau jina la kijiji chake. Nilimgombeza mbele ya watu."

Nilikuwa nimemcheka mtu huyu zaidi ya miaka kumi. Nilikuwa nimewafundisha hata mabinamu kumcheka. Na wakati wote huo, niliposimamishwa mimi, nilijibu kila swali, nikatabasamu, nikasema asante, nikajiona mwerevu. Nikamwomba maharage.

Baada ya hapo hakurudia tena mahakama za televisheni. Alihamia kwenye mpira. Mama mdogo alilalamika kwamba sasa kelele zimezidi.

Kisha, mwaka mmoja au miwili baadaye, ikaja barua ya serikali. Baba mdogo, raia wa Kanada, anaitwa kwenye usaili wa jopo la mahakama, lile la raia kumi na wawili. Nilidhani atakimbia. Alipeleka suti kwa dobi.

Siku ya kwanza na ya pili alikaa katika ukumbi usio na dirisha pamoja na mamia ya watu waliokuwa wakitafuta visingizio. Mmoja alisema ana paka mgonjwa. Siku ya tatu namba yake iliitwa. Alipanda juu, akaingia katika chumba cha mahakama, akasimama. Kizimbani alikuwa kijana mweusi mwenye tai isiyomkaa. Wakili wa serikali alimtazama baba mdogo kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye upara, akasema neno moja tu la kumkataa. Hakimu akamshukuru kwa muda wake, na karani akamwonyesha mlango.

Alitusimulia jioni hiyo akiwa bado na tai shingoni.

"Kwa nini wamekukataa?" aliuliza mama mdogo.

"Hawalazimiki kusema. Sheria inawaruhusu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema, asante mheshimiwa."

"Basi?"

"Basi. Karani wao ana mwandiko mbaya sana."

Mama mdogo aliinuka akamletea chai. Wiki mbili zilizofuata baba mdogo alinituma kila siku nimletee gazeti. Alilitandaza mezani, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, akitafuta kesi ya yule kijana iliishaje. Haikuandikwa popote.