Mnyama wa Goreti

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kama rangi ambayo haijakauka bado. Ilikuwa wakati wa vita, hapa Bujumbura. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na mawazo hayakunipa nafasi ya kupumua. Hata chumvi ya maharagwe niliitia kwa mashaka.

Rafiki yangu Goreti, wa mtaa wa Musaga, kesho yake alikuwa anakimbilia Kigoma. Aliniomba zawadi moja tu: picha ya mnyama wa kuchanganya, kwa wino na rangi za maji, mwenye pembe za ng'ombe wetu, kishungi cha korongo na mwili wa kiboko wa ziwani.

"Nibebe Buja yote mu mufuko," alisema.

Tulikaa kibarazani kwa Bi Zuwena, mama wa Kiarabu aliyeuza vitambaa na kupamba maharusi kwa hina. Alinipa karatasi nzito, ya mwisho aliyokuwa nayo, na mjini zilikuwa hazipatikani tena. Nikachora kwa penseli, nikafuta. Pembe zikiwa ndefu, watu watasema niko upande huu wa vita. Zikiwa fupi, watasema niko upande ule. Enzi zile, mwanangu, hata ng'ombe alikuwa na upande. Nikafuta mpaka karatasi ikaota manyoya.

"Mama yangu!" Goreti akacheka. "Kiboko amekonda mbele ya kuzaliwa!"

Bi Zuwena hakucheka. Alininyang'anya penseli akaificha kifuani.

"We mutoto, unafikiri mingi. Mi naandika bibi arusi na hina, nafuta wapi? Mukono ikiteleza, naifanya ua. Andika!"

Mchagua jembe si mkulima. Nikachovya kalamu, nikachora bila kusimama. Lakini hofu haihami kwa siku moja. Kwa kuogopa nisije nikaghairi, nilipaka rangi kabla wino haujakauka, na maji yakaukokota. Pembe zikayeyukia kwenye kishungi, kishungi kikashuka mgongoni mwa kiboko. Nikafumba macho. Karatasi ya mwisho, na saa ya kutotoka nje inakaribia!

"Fungua macho," akasema Bi Zuwena.

Alikuwa amechovya kijiti chake cha hina kwenye wino. Pale rangi zote zilipokutana, akatia jicho moja. Yule mnyama akatutazama. Mpaka leo sijaona mkono kama ule. Mama yule alikuwa amechomewa duka mwaka huohuo, na bado jicho lile alilitia kwa mguso mmoja tu.

Goreti aliinua karatasi kwenye mwanga. Hungeweza kuona ng'ombe ameishia wapi na korongo ameanzia wapi.

"Kule wakiniuliza mi ni wa upande gani," akasema, "nitawaonyesha huyu."

Mwanangu, nawe naona unafuta sana michoro yako. Unangoja mstari ambao hakuna atakayeusema vibaya, na mstari huo haupo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Anza, na kosa likija usilifunike, litie jicho. Wala usimwachie mtu akuchoree mstari wa mpaka katikati ya mwili wako.

Mungu autulize mkono wako. Akupe rafiki wa kukucheka ukiwa na hofu, na mama mmoja wa kukunyang'anya penseli. Amina.