Silinda Isiyosimama Sawa

Miaka ya korona nilikuwa nikiwatunza wazee katika nyumba moja huku magharibi mwa Sydney. Asubuhi moja, wakati wa kifungua kinywa, mfuniko wa sufuria kubwa ulimponyoka mpishi ukaanguka kwenye vigae. Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza, nimeziba masikio, uji wa bibi mmoja unanitiririka shingoni. Bibi mwenyewe, aliyekuwa amekwisha kuwasahau hata wanawe, aliinama akaniuliza kwa upole kama kuna kitu nimepoteza.

Mimi ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Waliotoka huko hawahitaji maelezo. Nilikuwa nimekaa Rooty Hill, mtaa wa huku huku Sydney, muda wa kutosha kupata uraia na gari, na kumsikia binti yangu akiongea usingizini kwa Kiingereza, lakini kishindo chochote bado kilinibwaga chini. Mlango ukijibamiza, mimi chini. Fataki za mwaka mpya ndizo usiseme. Nilizipitishia bafuni, bomba nimelifungulia.

Aliyenitoa chini ya meza siku ile alikuwa muuguzi mwenzangu, Mwaustralia wa makamo asiyependa maneno mengi. Alinifuta uji, kisha akaniambia kwamba yeye na mumewe hupiga shabaha katika klabu moja, na kwamba nikitaka anaweza kunipeleka.

Nilidhani ananikejeli. "Mimi? Bunduki?"

"Kule ni wewe unayeamua ilie saa ngapi," alisema. "Labda itakusaidia. Labda haitakusaidia. Tukaone."

Mara ya kwanza nililia kwenye maegesho na hatukuingia. Mara ya pili tuliingia. Mumewe, mzee mpole aliyestaafu kazi ya mabomba, alisimama kando yangu akanionyesha taratibu namna ya kushika bastola ya klabu, rivolva. Niliilenga karatasi, nikavuta pumzi, nikavuta kifyatulio. Sauti ilitoka, na mimi nikabaki nimesimama. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Kwa mara ya kwanza sauti ile ilikuwa imetoka mkononi mwangu, kwa hiari yangu, na hakuna mtu aliyeanguka.

Nikaanza kwenda mara kwa mara. Nikasoma sheria zao, nikafanya mtihani, nikasubiri leseni, polisi wakaja kukagua sefu ya chuma niliyoifunga kwa nati ukutani chumbani kwangu. Kanisani sikumwambia mtu. Jumapili niliimba kwaya pamoja na akina mama ambao wote tulitoka kule kule, tukiwa tumevaa vitenge vya sare, na kila mara mchungaji alipoomba Mungu atuondolee silaha nchini kwetu, niliitikia Amina nikiwa nimeinamisha uso. Ningewaelezaje? Kwamba nimekimbia bunduki nchi tatu, halafu nimekuja kuinunulia sefu?

Kwa sababu ya korona klabu haikupenda watu waazimane silaha, hata zikifutwa kwa spiriti, kwa hiyo kibali kilipotoka nilinunua rivolva yangu. Ilikuwa mpya kabisa, imelala ndani ya sanduku la plastiki, inanukia mafuta. Muuzaji aliizungusha silinda, ile sehemu inayobeba risasi, kwa kidole, ikalia tiki-tiki-tiki kama saa, akasema hii itadumu mpaka inizike. Nilicheka. Wiki ile ile Sydney ikafungwa, na klabu nayo ikafungwa, na rivolva yangu ikaingia sefuni bila kupigwa hata risasi moja.

Kufungwa kule, sisi wa magharibi tulikuona kwa namna yake. Helikopta zilizunguka juu ya paa. Halafu wakaja wanajeshi kusaidiana na polisi, wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza kama watu wako ndani na kama wana chakula. Hawakuwa na bunduki. Kila mtu alisema hivyo kwenye simu, hawana bunduki, hawana bunduki. Lakini nilipoona yale mabuti kwenye varanda yangu, miguu ilinipeleka yenyewe nyuma ya mashine ya kufulia. Binti yangu, mwenye miaka kumi na mitano, ndiye aliyefungua. Nilimsikia akizungumza nao kwa Kiingereza chake kizuri, akiwashukuru, akisema mama yake amelala baada ya zamu. Kisha akaja chumba cha kufulia, akaniona nilivyojikunja, akanyoosha mkono akachukua kapu la nguo kana kwamba hilo ndilo lililomleta. Akaondoka nalo. Nilitamani aseme kitu.

Basi mji ulipofunguliwa, klabu ilikuwa mahali pa kwanza nilipokwenda. Nilikuwa nimeisubiri siku ile kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Muuguzi mwenzangu alikuwa zamuni, lakini mumewe alikuwepo, akasimama upande wangu wa kulia kama kawaida, barakoa usoni na miwani ya kinga juu yake.

Risasi za mwanzo zilikwenda. Kisha kifyatulio kikawa kizito, silinda ikagoma katikati, haiendi mbele wala hairudi. Nikaushusha mkono kama nilivyofunzwa, mtutu ukielekea mbele, nikainua mkono wa pili. Mstari mzima wa wapigaji ukasimamishwa. Watu waliweka silaha zao mezani, wakarudi nyuma, wakaniangalia. Msimamizi wa uwanja, mwanamume mnene mwenye sauti ya mwalimu wa michezo, alikuja akahangaika nayo mpaka ikafunguka, akatoa risasi zote, akaijaribu ikiwa tupu. Ilizunguka vizuri tu.

"Haina kitu," alisema. "Unakivuta kifyatulio nusunusu. Kivute mpaka mwisho, na ishike kwa nguvu. Haitakuuma."

Nilisema samahani. Mstari ukaruhusiwa tena. Nikaishika kwa nguvu. Ikagoma tena. Wote wakasimama tena kwa ajili yangu, akaja tena, akaijaribu tena, ikazunguka tena. Safari hii alipumua kwa nguvu kabla ya kuirudisha mezani. Mtu mmoja nyuma alitazama saa. Nilihisi joto linapanda kutoka kifuani mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Moyo uliniambia, iache, nenda nyumbani. Lakini kuondoka pale mbele ya macho yote yale kulikuwa kugumu kuliko kubaki.

Nikavuta mpaka mwisho, kama alivyosema. Mlio ulikuwa tofauti, mkali na wa pembeni, na mzee wa kulia kwangu akapiga ukelele akashika shavu. Kipande cha risasi kilikuwa kimechomoka kando ya silinda, kikampata chini kidogo ya miwani. Niliona damu ikiingia kwenye barakoa yake ya buluu.

Na mimi nilikuwa chini. Nimelala kifudifudi kwenye saruji, mikono juu ya kichwa, na nilikuwa napiga kelele kwa Kifuliiru, lugha ya bibi yangu, ambayo hata binti yangu hajawahi kunisikia nikiisema. Waliokuja kuninyanyua hawakujua wanishike wapi. Mzee mwenyewe, damu ikimtoka, ndiye aliyepiga magoti akawa ananiambia, "Ni mkwaruzo tu, mama. Niangalie. Ni mkwaruzo." Rivolva ilikuwa mezani. Sikumbuki kuiweka, walisema niliiweka vizuri.

Nilipokuwa nafunga sanduku langu, nikasikia msimamizi akimwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti: "Na kule anakotoka, ungedhani wanazaliwa wakijua kuzitumia."

Mwenzake alicheka. Mimi nikafunga sanduku, nikawaambia kwa heri.

Siku chache baadaye nikaipeleka dukani. Muuzaji yule yule aliisikiliza hadithi yangu huku akiitazama leseni yangu kana kwamba kasoro iko kwenye picha. Akauliza nimeichukua lini. Nilipomwambia, akasema miezi mingi imepita.

"Tulikuwa tumefungiwa," nilisema. "Sikuitumia."

"Hiyo siwezi kujua. Labda ni risasi ulizotumia. Labda ni mkono. Wanaoanza huwa hivyo."

Na mimi, mwanamke niliyewahi kubishana na askari wa mpakani mtoto mgongoni, nilimwomba radhi kwa kumpotezea muda. Nilirudi na sanduku langu hadi kwenye gari. Nikakaa pale nikijiuliza ni nani aliyesema maneno yale kwa mdomo wangu.

Ubaya ni kwamba habari zilikuwa zimekwisha kufika kanisani. Kazini kwetu kulikuwa na mama mmoja wa kanisa letu, na jeraha la mume wa muuguzi mwenzangu lilikuwa limezungumzwa jikoni. Mchana mmoja mama mchungaji alikuja nyumbani kwangu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, ametoka Fizi, kusini mwa kwetu, na huwa haji bila kualikwa. Nilimpa chai. Hakuigusa.

"Mwanangu, ni kweli iko mu nyumba hii?"

"Ni kweli, mama."

"Wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole mlango wa chumba changu. Aliutazama ule mlango muda mrefu.

"Bunduki ilikula watoto wangu wawili," alisema. "Unajua."

"Najua, mama."

"Halafu mimi nakaa hapa, nakunywa chai, nayo iko pale."

Nilianza kumweleza. Mfuniko wa sufuria, uji, bafuni na fataki, yote. Nilimweleza kuhusu siku ile ya kwanza nilipobaki nimesimama. Kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuonekana ya kijinga, kama mtu anayesema ananywa sumu ili aizoee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga kitenge chake vizuri.

"Mimi pia naanguka," alisema. "Kila mtu wetu anaanguka. Hatuendi kuinunua." Pale mlangoni akageuka. "Sikuchukii. Lakini watoto wa kanisa hawatakuja tena kulala hapa."

Na kweli hawakuja. Binti yangu alikuwa amezoea kulala na marafiki zake wawili wa kwaya sebuleni kila likizo. Nilimweleza sababu, akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni sawa, anaelewa. Alisema hivyo akiangalia simu.

Yule mzee wa mabomba ndiye aliyekataa mambo yaishe hivyo. Shavu lake lilikuwa limepona. Alinipigia akasema kuna fundi bunduki aliyesajiliwa, twende pamoja, na kama fundi atasema ni mkono wangu atanyamaza. Fundi aliifungia kwenye meza yake, akaingiza kijiti chembamba cha chuma mtutuni na kuizungusha silinda polepole, tundu moja baada ya jingine. Kwenye matundu mengine kijiti kilipita. Kwenye mawili kiligonga ukingo. Akaniita nijaribu mwenyewe, na nilihisi ule ugumu kwenye vidole vyangu.

"Silinda haisimami sawa na mtutu," alisema. "Imetoka kiwandani hivi. Kadiri unavyoivuta kwa nguvu ndivyo inavyokuwa mbaya."

Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilikumbuka damu kwenye barakoa ya buluu, nikafikiri kwamba nilijua kitu hakiko sawa, mwili wangu wote ulijua, na bado nilivuta kwa sababu nilimwonea haya mtu aliyetazama saa.

Duka lilipoonyeshwa maelezo ya fundi liliipokea rivolva, likairudisha kwa kampuni iliyoliuzia, na baada ya muda mrefu na vibali vingine nikapewa nyingine. Muuzaji alisema hii bahati mbaya hutokea. Neno samahani halikumtoka, wala sikulidai.

Nilirudi klabuni siku ya mvua nyepesi. Mzee alisimama upande wangu ule ule wa kulia, ingawa nilimsihi asogee. Ile mpya ilifanya kazi. Karatasi yangu ya shabaha ilikuwa aibu tupu, lakini sikuanguka.

Nilipokuwa naondoka, msimamizi alinifuata kwenye maegesho. Akanyoosha kiwiko, maana bado hatukuwa tunashikana mikono.

"Nimesikia ilikuwa silaha, si wewe," alisema. "Hakuna kinyongo, eh?"

Niligusa kiwiko chake kwa changu. "Hakuna shida," nikasema, na nikatabasamu nyuma ya barakoa, ambako hakuweza hata kuliona tabasamu lenyewe.

Nilifika Toongabbie, njiani kurudi nyumbani, ndipo nikaanza kumjibu. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, madirisha yamefungwa. Nilimwambia kwamba kule ninakotoka watu huzaliwa wakijua kulia, kama kwao. Nilimwambia kwamba mjomba wangu alikuwa mshonaji, baba yangu aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kushika bunduki mpaka mimi, mjini kwake. Nilimwambia kwamba "hakuna shida" ni neno la uongo. Taa zikawa nyekundu, dereva wa gari la pembeni akanitazama nikipunga mikono peke yangu, nikanyamaza mpaka zilipogeuka kijani.