Barua za Katarina huko Rwamgasa

Kila sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa jumuiya yao ya kanisa, Mama Noela ndiye aliyesimulia jinsi Mtakatifu Katarina wa Siena, binti wa mtia rangi nguo, alivyomwandikia Papa, aliyekuwa akikaa ugenini, barua mpaka Papa akarudi kwake Roma. Mwaka huu alisimulia akimtazama Noela, mwanawe mjamzito, ambaye nyumbani huchomea dhahabu yenye zebaki kwenye jiko la ugali, zebaki itoke kwa moshi, ibaki dhahabu. Muuguzi alishasema moshi ule unamdhuru mtoto tumboni.

"Mama, Papa alikuwa na kwao," Noela alimwambia baada ya sala. "Mimi nikiacha kuchoma, nirudi wapi?"

Wanajumuiya wakacheka. Jioni Mama Noela alimtolea binti yake jiko uani, na Noela alipoanza kuchoma, mama akashika ungo, akaupepea moshi uje upande wake mwenyewe, mbali na tumbo la binti.