Mapovu Kikombeni

Jumatano, baada ya chai ya asubuhi, Fundi alitangaza kwamba meza yake itaondoka Jumamosi.

Alitangaza akiwa amesimama, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Mdogo wake angekuja na gari, achukue kompresa ya hewa, chupa za rangi, koleo ndogo, taa ya mezani, na ile kalamu ya kupulizia rangi ambayo kwa miaka sita hakuna aliyeruhusiwa hata kuisogeza. Gari la zimamoto lililokuwa juu ya meza, dogo kiasi cha kutosha kwenye viganja viwili, lingekwenda vilevile lilivyo, nusu jekundu nusu kijivu.

"Atalimalizia yeye," alisema. "Ana mikono."

Mkewe alikuwa anakausha vikombe. "Na wewe una nini, mbawa?"

Hakucheka. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya meza ya chakula, wakautazama wote wawili. Ulikuwa unatetemeka, si sana, kama tawi ambalo ndege ameruka kutoka juu yake sasa hivi.

"Umeona, Sista," akasema. Akavaa kofia, akaenda hospitali kwenye miadi yake.

Alikuwa akimwita Sista tangu siku waliyokutana. Wakati huo yeye alikuwa kijana wa karakana ya zimamoto, mabega kama mlango, aliyefika kung'oa jino huku ameshika shavu. Mwanamke huyu alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Yule kijana aliyezoea kuingia chini ya magari yenye moto alipoiona sindano, alizimia palepale kitini. "Sikuzimia," husema mpaka leo. "Nilikuwa nafikiri."

Sista alifanya kazi ile miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kupokea vyombo vilivyotoka vinywani mwa watu, kuvisugua, kuvichemsha, na kuvipanga juu ya sinia. Alistaafu yeye, mikono yake haikupewa barua.

Sasa nyumba ilikuwa kimya, na akaenda kukaa kwenye kiti cha mumewe. Alikuwa na wazo moja tu: kuupaka mlango wa kushoto wa lile gari kabla Fundi hajarudi, na mingine iliyobaki kesho na keshokutwa, ili kama ni lazima gari liondoke, liondoke limevaa nguo zake zote. Fundi alikuwa ametengeneza magari ya namna ile, makubwa ya kweli, maisha yake yote. Hili dogo alilitaka liwe lile la kwanza alilokabidhiwa.

Jinsi ya kufanya aliijua kwa kutazama. Alitia rangi nyekundu kwenye kichupa, akaongeza tina, dawa ya kuilainisha rangi, tone kwa tone mpaka ikateleza ukingoni kama maziwa. Akaichuja kwa kipande cha soksi yake ndefu, soksi iliyokatwa bila idhini yake na kuzua ugomvi wa siku mbili. Akamimina kidogo kwenye kikombe cha juu ya kalamu, akawasha kompresa, akaelekeza mdomo wa kalamu kwenye gazeti, akabonyeza.

Rangi inatakiwa itoke kama pumzi juu ya kioo. Hii ilitoka kama mtu anayeongea huku anakula. Tone, kimya, matone matatu, kimya.

Sista aliinua kidole, akautazama mkono wake. Mkono ulikuwa umetulia kama jiwe la kusagia.

Kwa miezi miwili mumewe alikuwa amepambana na matone hayohayo. Alipoizidishia rangi tina, ikatambaa kwenye bati kama miguu ya buibui. Alipoiacha nzito, ikaziba. Alipoongeza hewa, ikafika imekwisha kukauka, ikakwaruza kama mchanga. Mara tatu alilivua gari rangi yote na kuanza upya. Mwishowe aliacha kuilaumu rangi, akaanza kuutazama mkono wake. Ni kweli mkono ulikuwa umeanza kutetemeka, kwa hiyo shahidi alikuwapo, na mshtakiwa akakiri.

Lakini hata kwenye mkono usiotetemeka kalamu imetema.

Aliifungua kalamu. Sindano ya ndani yake aliiviringisha juu ya kioo: imenyooka. Mdomo aliuelekeza dirishani: mwanga ukapita, tundu safi. Akavirudisha, akamwaga rangi, akatia maji matupu kikombeni, akabonyeza tena huku jicho likiwa kwenye kikombe. Maji yakaanza kutokota. Mapovu madogomadogo, moja nyuma ya lingine, kama sufuria iliyokaribia kuchemka. Hewa iliyopaswa kutokea mbele ilikuwa inarudi nyuma, inapenya mahali.

Mahali penyewe alipapata kwa kucha. Nyuma ya mdomo wa kalamu kulikuwa na kipete cha mpira chembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Alipokigusa kilivunjika vipande viwili, kikavu kama ganda la kitunguu.

Sista aliviweka vile vipande kiganjani. Alijua mpira ule umekufaje. Mumewe alikuwa akiacha kalamu mezani jioni, imesuuzwa kwa tina tu, na yeye hakuweza kulala katika nyumba moja na chombo kilichosuuzwa tu. Basi miezi mitano iliyopita alianza kuichukua wakati Fundi anaoga, akaifungua vipandevipande, akaichemsha dakika ishirini, akaikausha na kuirudisha kama ilivyokuwa. Kila jioni. Hakusema, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Njia rahisi ilikuwapo. Aizibe kalamu, anyamaze. Fundi angejaribu mara ya mwisho, angeona rangi inatoka, angesema Mungu ni mwema. Lakini kesho mpira mwingine ukichakaa, angeushtaki mkono tena. Kalamu ingepona, mkono ungebaki na hatia.

Fundi alirudi saa sita, akamkuta mkewe kwenye kiti chake na vidole vyekundu.

"Daktari anasema ni uzee," alisema, akisimama mlangoni. "Eti nitetemeke taratibu, nisiwe na haraka. Unafanya nini hapo?"

"Kaa kwanza, mume wangu."

"Kwenye kiti kipi?"

Sista alisimama. Fundi alikaa, akaona kalamu iliyofunguliwa, akafungua mdomo, akaona kiganja chenye vipande viwili vya mpira, akaufunga.

"Si mkono wako," Sista alisema. "Nimejaribu kwa mkono wangu, imetema vilevile. Hewa inapita hapa. Mpira umekauka, na nimeukausha mimi. Nilikuwa naichemsha."

"Ulikuwa unachemsha nini?"

"Kalamu."

"Mara ngapi?"

"Kila jioni. Ukiwa unaoga."

Fundi alikichukua kipande kimoja, akakigeuza chini ya taa.

"Mara tatu nimelivua gari hili," alisema. "Mara tatu, Sista. Nikaenda mpaka hospitali."

"Najua."

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo hii nimeivaa miaka thelathini na minane." Aliziba uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika, na kwa dakika nzima Sista hakujua kama ni kilio au kicheko. Ilikuwa vyote, kwa zamu.

Mpira mwingine ungechukua wiki kufika. Sista alileta kipande cha nta ya meno kilichobaki toka kazini, ile ambayo wagonjwa hupewa waing'ate ili daktari apate alama. Aliilainisha kwa vidole, akaizungushia pale kipete kilipokuwa, akakaza. Wakatia maji. Fundi akabonyeza, wakainamia kikombe vichwa vikigusana. Maji yalitulia kama ya mtungini.

Wakatia rangi. Fundi alichora mstari mmoja juu ya gazeti, toka ukingo hadi ukingo. Ulitoka laini, bila tone hata moja, na katikati ulikuwa na wimbi dogo.

Aliutazama. "Hili wimbi si la mpira."

"Hapana," Sista alisema. "Hilo ni lako."

"Hili tu?"

"Hilo tu."

Aliupima mstari kwa kidole gumba, kama anavyopima ufa kwenye bomba. Kisha akachora wa pili chini yake, taratibu zaidi, kiwiko kikiwa juu ya meza. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, anauliza kama meza itapita kwenye mlango wa gari au waifungue miguu.

"Iache miguu yake," Fundi alisema. "Njoo Jumamosi ule chakula tu." Akaikata simu, akalivuta gari la zimamoto karibu. "Sista, nishikilie hapa kwenye kiwiko. Usikaze. Nataka huu mlango."