Dereva Asiyeonekana

Mwaka wa tisini na mbili, Shafiq, fundi cherehani wa Muhima, mtaa wa Kigali, alikuwa akiwatungia vijana wa mtaani mchezo wa kuigiza. Kisa kilimhusu dereva wa lori aliyefia safarini, na mkewe aliyebaki. Shafiq hakutaka mtu yeyote amwigize dereva. Alitaka watazamaji wamjue bila kumwona.

Katika mazoezi, mke na majirani walimsifu marehemu mwanzo hadi mwisho. Winifred, aliyeigiza mke, akachoka.

“Huyu mume simujui,” alisema. “Ni muzuri tu, muzuri tu. Nitamulilia vipi?”

Neno hilo lilimkaa Shafiq moyoni. Marehemu hukumbukwa kwa lipi hasa? Akaenda kwa jirani yake Mukandayisenga, mjane wa miaka mingi.

“Mama, marehemu mzee alikuwa mtu wa namna gani?”

“Mtu wa Mungu,” alijibu mama. Shafiq alipoinuka kuaga, mlango ukagoma kufunguka. Mukandayisenga akaupiga teke pale chini.

“Unaona? Kila siku kesho, kesho nitautengeneza. Mpaka akakufa. Mtu muvivu yule.” Alisema kwa hasira mbichi, kana kwamba mzee yuko uani anasikia.

“Si umwite seremala?”

“Akitengeneza mwingine, mimi nitagombana na nani?”

Akacheka, akamrudisha Shafiq kitini. Jioni ile alisimulia uvivu wa mzee, mikoromo yake, na jinsi alivyoimba vibaya kanisani huku akijiona mwimbaji. Shafiq alisahau hata kunywa chai.

“Mama, naomba nimpe dereva wangu uvivu huo.”

“Chukua. Jina lake tu uniachie.”

Shafiq akafuta sifa zote mchezoni. Siku ya mchezo, Winifred alizozana na dirisha bovu, akamtukana mumewe, akaitaja mikoromo yake. Watu walicheka sana, halafu kicheko kikafifia chenyewe. Mukandayisenga, aliyekaa mbele, alijifuta macho na kitenge, huku bado anatabasamu.

Walipokuwa wakitoka, mzee Nsabimana, muuza viatu, alimshika Shafiq mkono.

“Wote wamejitahidi, lakini yule aliyekuwa mume amewashinda.”

Shafiq akamtazama. “Alivaa nini, mzee?”

“Koti la kahawia. Limechanika hapa begani.”

Shafiq alitaka kumsahihisha, akaghairi. Akavuta kiti karibu.

“Hebu niambie, mzee. Alikuwa mrefu?”